Ada ya barabara iwafae pia walio kando yake

Ujenzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit ulipozinduliwa Novemba 2025, mengi yalisemwa kuhusu upana wake, urefu wake na saa ambazo msafiri ataokoa. Machache mno yalisemwa kuhusu jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo litakaloamua iwapo mradi huo utakuwa neema au mzigo kwa maelfu ya Wakenya wanaoishi ubavuni mwake. Jambo hilo ni hili: ada itakayotozwa wenye magari itatumiwa wapi, na kwa manufaa ya nani?

Mradi wenyewe si mdogo. Ni kilomita 175 kutoka Rironi kupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru hadi Mau Summit, pamoja na kilomita 58 za barabara ya zamani inayoteremka bondeni kupitia Mai Mahiu hadi Naivasha. Gharama yake imekadiriwa kuwa takriban Sh170 bilioni, na kwa kuwa serikali haikuwa na fedha hizo, kazi ilikabidhiwa kampuni za Uchina zikishirikiana na Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF. Wenye mtaji watarudishiwa fedha zao kidogo kidogo na kila atakayepita. Kiwango kilichotangazwa ni Sh8 kwa kila kilomita kwa gari dogo, nacho kitakuwa kikiongezwa asilimia moja kila mwaka. Atakayetoka Rironi hadi Mau Summit atalipa kama Sh1,400, na akirudi atalipa tena.

Sisi si wapinzani wa ada hiyo. Aisifuye mvua imemnyea, na yeyote aliyewahi kukwama Kinungi wakati wa Krismasi, watoto wakilia kwa njaa ndani ya gari na malori yakiwa yamepangana hadi upeo wa macho, hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa barabara pana. Wala hatujasahau kwamba njia hiyo imemeza watu. Katika mkasa wa Sachangwan wa Januari 2009 pekee, moto wa lori la mafuta lililopinduka uliwaua zaidi ya watu 100. Kama mwenye gari ndiye anayefaidika na barabara bora, si dhuluma kumtaka aichangie.

Wala ada za barabara si jambo geni nchini. Wazee wa Mombasa watakumbuka kwamba daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji tangu mwaka wa 1931, lilikuwa la kampuni ya binafsi iliyowatoza watu ada ya kuvuka. Ubishi kuhusu iwapo magari ya jeshi la mkoloni yalipaswa kulipa ulifikishwa hadi mahakama za London katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya ada za barabara mwaka wa 1984, na vizuizi vya kulipia vikawekwa katika barabara kuu. Hadi leo abiria wa matatu huko Gilgil husema anashuka "Toll Station", ijapokuwa wengi wao hawakuzaliwa wakati ada hiyo ilipokuwa ikitozwa. Mfumo huo uliachwa katika miaka ya 1990, baada ya sheria ya mwaka wa 1993 kuleta ushuru wa kutengeneza barabara unaotozwa katika bei ya mafuta. Katika muda wote ambao vizuizi hivyo vilikuwepo, mkazi wa Gilgil aliachiwa jina tu la kituo.

Hilo ndilo tunaloliogopa safari hii. Barabara kubwa inapopita mahali, wapitao huipata faida yake papo hapo. Wakaao huupata uzito wake. Msafiri atafika Nakuru mapema. Lakini mama anayeuza viazi, karoti na kabichi Soko Mjinga anaishi kwa sababu magari husimama. Wachoma nyama wa Kikopey wanaishi kwa sababu magari husimama. Wauza mahindi, machungwa, ngozi za kondoo na mandhari ya Bonde la Ufa kwa mtalii mwenye kamera, wote hao wanategemea dereva anayeweza kupunguza mwendo na kuegesha gari ukingoni. Barabara ya kulipia haiundwi kwa ajili ya kusimama. Ina kuta, ina vyuma, ina njia chache za kuingilia na kutokea, na dereva aliyekwisha kulipa hana hamu ya kutoka nje ili anunue gunia la viazi.

Hatusemi haya kwa kukisia. Reli mpya ya kutoka Mombasa ilipoanza kazi mwaka wa 2017 na mizigo mingi ikaondolewa barabarani, wenye hoteli, gereji na maduka katika miji iliyoishi kwa malori, kama vile Mariakani, Voi na Mtito Andei, walilia kwamba biashara imewakauka. Nchi kwa jumla iliambiwa imepiga hatua. Hapakuwa na hazina yoyote iliyotengwa kuwasaidia watu wa miji hiyo kutafuta riziki nyingine.

Jijini Nairobi nako kuna funzo. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27, ilifunguliwa Mei 2022. Gari dogo lililokwenda mwendo mzima lililipa Sh360. Kufikia Januari 2024 ada hiyo ilikuwa imepanda hadi Sh500. Anayeilipa hupaa juu ya msongamano. Chini ya nguzo zake, mfanyakazi wa kiwandani anayekwenda kazini kwa miguu huvuta vumbi na moshi ule ule wa zamani, na sasa amezidishiwa kivuli. Inakumbukwa kwamba barabara hiyo ilipokuwa ikijengwa, mti mmoja mkongwe wa mugumo kando ya barabara ya Waiyaki uliokolewa kwa amri ya Rais mwenyewe mnamo 2020. Tuliufurahia uamuzi huo, kwani mti huo ni urithi. Ila wachuuzi walioondolewa kando ya ujenzi huo huo hawakupata amri ya kuwalinda.

Kuna mzigo mwingine ulio mzito kuliko biashara, nao ni wa uhai. Juni 30, 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, si mbali na Mau Summit, likawaparamia wachuuzi, abiria na wapita njia waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walifariki. Wengi wa marehemu hao hawakuwa safarini, walikuwa sokoni. Majeruhi wa ajali za namna hiyo hubebwa na nani? Hubebwa na wanakijiji, ndani ya matatu na pikapu, na kupelekwa katika hospitali za kaunti ambazo bajeti zake zilipangwa kwa ajili ya malaria na akina mama wajawazito wa eneo hilo, si kwa ajili ya basi lililotoka Busia au lori lililokuwa likielekea Kampala. Damu, vitanda, dawa na muda wa madaktari ni wa mlipa ushuru wa Nakuru na wa Kericho.

Na maji je? Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, mafuriko yaliwasomba wakazi wa Mai Mahiu wakiwa usingizini, na zaidi ya watu 45 wakapoteza maisha. Maafisa wa serikali walieleza kwamba maji ya mto yalikuwa yamezibwa na takataka katika njia inayopita chini ya tuta la reli ya zamani, yakajikusanya, kisha yakapasua tuta hilo. Mkasa huo haukusababishwa na barabara. Lakini wauonya kila anayejenga tuta jipya katika miteremko hiyo: ujenzi mkubwa unaopita juu ya mto huacha deni kwa wanaoishi chini yake, na deni hilo hulipwa kwa kusafisha mifereji kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, hata baada ya mkata utepe kusahau alikouweka mkasi.

Basi twauliza: kama sheria zetu zimekubali kwamba anayeishi karibu na mali anayo haki fulani katika mali hiyo, kwa nini barabara ya kulipia iwe nje ya utaratibu huo? Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inaagiza kwamba katika mrabaha unaolipwa na mchimbaji, asilimia 70 iende kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Sheria ya Petroli ya mwaka wa 2019 nayo inaitengea jamii asilimia 5. Bunge liliona kwamba si haki utajiri uchukuliwe mahali na kuwaachia wenyeji mashimo. Barabara si madini, tunajua. Lakini nayo huchukua ardhi, hutimua vumbi, hugawa mashamba na vijiji vipande viwili, na huzalisha fedha kila saa ya mchana na usiku kwa miongo kadhaa.

Kuna watakaotupinga, na hoja yao ina uzito. Watasema barabara kuu ni ya taifa, kwamba anayeilipia ni Mkenya wa kutoka kila pembe, pamoja na jirani wa Uganda, Rwanda na Kongo, na kwamba haitakuwa haki Nakuru inufaike ilhali Wajir na Marsabit hazina hata kilomita moja ya barabara kama hiyo. Tunakubali kwamba ada isigeuzwe kuwa utajiri wa waliobahatika kupitiwa na lami. Ndiyo maana hatudai wagawiwe faida. Tunadai walipwe gharama: ile hasara na ule mzigo ambao barabara yenyewe umewatwika. Mtu wa Wajir hagongwi na lori la Salgaa. Fungu la kujenga daraja la kuvukia watu kwa miguu mbele ya shule ya Kinungi halimnyang'anyi yeye chochote.

Lipo jambo la kwanza ambalo halitamgharimu mwenye mtaji hata senti. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa nchini hutozwa Sh25 za matengenezo ya barabara, kiwango kilichopandishwa kutoka Sh18 Julai 2024. Gari linalotumia lita 15 kutoka Rironi hadi Mau Summit litakuwa limekwisha kulipa Sh375 kabla ya kufika katika lango la kulipia, na huko litalipa mara ya pili kwa barabara ile ile. Hapo zamani sehemu ya ushuru huo ilitumiwa kuziba mashimo ya barabara hiyo kuu. Sasa kazi ya kuitunza itakuwa ya kampuni inayotoza ada. Je, fedha zitakazookolewa hapo zitakwenda wapi? Ikiwa hakuna atakayeuliza, zitamezwa kimyakimya na mahitaji mengine, ambayo hayajawahi kupungua: mwaka wa 2025 Sh7 za kila lita ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya wanakandarasi. Na magavana na wabunge walikuwa wakivutana mahakamani kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru huo huo, kila upande ukidai kwamba barabara za mashambani ni zake.

Twapendekeza kwamba kiasi ambacho Mamlaka ya Barabara Kuu ilikuwa ikitumia kuitengeneza njia hiyo kihesabiwe na kutangazwa, kisha kwa miaka kadhaa kielekezwe katika barabara ndogo za kaunti zinazopitiwa, hasa Kiambu, Nyandarua na Nakuru. Si kwa upendeleo. Dereva asiyetaka kulipa hatakaa nyumbani. Atatafuta njia ya panya. Malori yatapita katika barabara zilizojengwa kwa ajili ya mikokoteni ya maziwa, na kwa muda mfupi yatazisaga. Serikali imesema wasiotaka kulipa watakuwa na njia mbadala. Njia mbadala ambayo haina fungu la kuitengeneza ni shimo linalosubiri mvua.

Jambo la pili litagharimu, na hatutalificha. Tunataka sehemu ndogo ya kila malipo, tuseme senti tano katika kila shilingi, itengwe palepale langoni kabla haijachanganyika na fedha nyingine. Kwa mfano tu, na si takwimu, magari 10,000 yakilipa wastani wa Sh500 kila moja kwa siku, fungu hilo litakuwa Sh250,000 kwa siku, au zaidi ya Sh91 milioni kwa mwaka. Fedha hizo hazijengi barabara kuu. Lakini zinaweza kuweka ambulensi na wahudumu wa dharura kati ya Gilgil na Mau Summit, kuzilipa hospitali kwa majeruhi zinaowapokea, kujenga masoko yenye maegesho karibu na njia za kutokea ili mteja wa viazi asipotee, na kuzibua mifereji kila Februari kabla ya mvua za masika. Mambo hayo manne yanatosha. Mtu akitaka kuongeza la tano, kama vile basari au jezi za mpira, aambiwe kuna hazina nyingine za kazi hiyo.

Fungu hilo lisitumwe Nairobi likarudi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fedha zilizokwisha kuingia katika hazina kuu hurudi mashinani zikiwa zimechoka, kama zitarudi. Lakini pia lisikabidhiwe gavana wala mbunge. Tumeona hazina za maeneo bunge zinavyogeuzwa kuwa za kampeni, na choo cha shule kikipakwa jina la mheshimiwa kubwa kuliko la shule. Liwe na akaunti yake, na wasimamizi wanaotoka kwa wachuuzi, hospitali, wenye magari na kaunti husika, na likaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kiasi kilichopatikana na kilichotumiwa mwezi uliopita kiandikwe kwenye ubao mkubwa katika kila lango, kwa Kiswahili, ili dereva anayesubiri chenji yake apate la kusoma.

Tunasisitiza utaratibu huo kwa sababu sheria nzuri pekee haikuwafaa watu wa Kwale. Fungu lao la asilimia 10 liliandikwa katika sheria mwaka wa 2016. Waliungoja mgao huo miaka mingi wakizungushwa kwa maelezo kuhusu kanuni na taratibu, na uchimbaji wa titani katika kaunti yao ulikoma Desemba 2024. Kila mwaka wa kungoja, meli zilikuwa zikipakia.

Watetezi wa mwenye mtaji watasema senti tano zitapunguza faida, na kwamba sehemu ya mtaji huo ni akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Ni kweli, na hatungependa akiba hiyo ichezewe. Hakuna cha bure: fungu hilo litatoka kwa mwenye gari kwa kumwongezea ada, au kwa mwekezaji kwa kumpunguzia pato, au kwa wakati, kwa kuurefusha mkataba kidogo. Sisi tungechagua wakati. Ada imekwisha kuwa nzito kwa mwenye matatu, naye huihamishia kwa abiria. Lakini miezi kadhaa ya nyongeza mwishoni mwa mkataba wa miongo mitatu haitamvunja mtu mgongo.

Wenzetu Tanzania walikwisha kulipitia suala linalofanana na hili. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka wa 2016, lilijengwa kwa fedha za hazina ya wafanyakazi ya huko pamoja na za serikali. Wakazi wa Kigamboni walilalamika miaka mingi kwamba wao, wanaolivuka kila siku kwenda kazini Dar es Salaam, walitozwa ilhali wenzao wanaovuka madaraja mengine nchini hawatozwi. Viwango vikapunguzwa mwaka wa 2022. Mkazi wa karibu si msafiri; yeye huvuka ili kununua chumvi. Kwetu pia itakuwa hivyo kwa mtu wa Gilgil anayempeleka mtoto shule Nakuru, naye hastahili kuhesabiwa sawa na lori la ng'ambo. Awekewe kadi ya mkazi, kwa bei nafuu, kabla hajalazimika kuandamana kuidai. Na wanaodhani kwamba fedha za ada haziwezi kutumiwa kando ya barabara zilikotozwa waangalie jimbo la Virginia huko Marekani. Huko, sehemu ya ada zinazotozwa tangu mwaka wa 2017 katika barabara ya I-66 karibu na jiji la Washington hukabidhiwa tume ya uchukuzi ya eneo hilo, nayo huzitumia kwa mabasi na huduma nyingine zinazowafaa watumiaji wa njia hiyo hiyo.

Muda ni mfupi. Imetangazwa kwamba barabara hiyo itakamilika mwaka wa 2027, mwaka ambao pia ni wa uchaguzi, na sote twajua jinsi miradi inavyofunguliwa kwa haraka wakati kama huo, makaratasi yakifuata nyuma. Viwango vya ada vikishachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na lango la kwanza likishafunguliwa, kila senti itakuwa na mwenyewe, naye atakuwa na wakili. Kamati za uchukuzi za Bunge la Taifa na Seneti hazina budi kuuitisha mkataba huo sasa, pamoja na viambatisho vyake, na kuwaita watu wa Soko Mjinga, Mai Mahiu, Kikopey na Salgaa waulizwe mbele ya wanahabari watapitia wapi, watauzia wapi, na mgonjwa wao atabebwa na gari la nani.